Je, Aliyekimbia Vita Anaruhusiwa Kukasirikia Jerikani?



Katika toleo hili tunapenda kutazama swali ambalo wengi wetu tunalo moyoni lakini tunaona haya kuliuliza mbele ya watu. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyepoteza nyumba, shamba, na hata ndugu zake, akavuka mpaka na kifurushi kimoja kichwani, je, inafaa bado akasirike kwa sababu ya mambo madogo? Na akikasirika, je, ni dhambi, ni upungufu wa shukrani, au ni kitu cha kawaida tu cha binadamu?

Mambo madogo tunayajua sote. Umepanga jerikani yako tangu alfajiri, ukienda kuangalia mtoto unarudi unaikuta imesukumwa nyuma. Kuku wa jirani wameingia kwenye mchicha wako. Redio ya jirani inaimba mpaka usiku wa manane, na ukuta kati yenu ni udongo na turubai. Umelipa pesa ya kuchaji simu, unairudisha nyumbani ina moto wa robo tu. Ndugu aliye mbali anakubipu kila siku kana kwamba wewe ndiwe mwenye vocha. Kuni zimelowa, moshi umejaa nyumba, maharage hayaivi. Umeenda ofisini na karatasi zako zote, unaambiwa mhusika hayupo, rudi Alhamisi. Alhamisi unaambiwa ulipaswa kuja jana.

Hakuna hata moja katika hayo linaloua. Lakini jioni mtu anaingia nyumbani kwake akiwa amejaa, na mtoto akimwaga uji kidogo tu, anapigwa kipigo ambacho hakilingani na uji. Hapo ndipo swali letu linapoacha kuwa dogo.

Jibu la kwanza: "Nyamaza, tumepita makubwa"

Wazee wetu wengi hujibu hivyo. Wanasema, "Sisi tumepita risasi, tumelala porini, tumevuka ziwa usiku. Leo wewe unalia kwa sababu ya foleni?" Jibu hili lina heshima yake. Linatukumbusha kwamba tuko hai, na kwamba wapo waliotamani kufika hapa tulipo na hawakufika.

Lakini tulipime vizuri. Maumivu makubwa ya jana hayafuti maumivu madogo ya leo. Mtu aliyewahi kuvunjika mguu, leo akichomwa na mwiba, mwiba bado unauma. Tena mguu uliovunjika zamani ndio unaochoka upesi kwa safari fupi. Wenzetu wanaoishi kwa amani, wakikosa maji siku moja, ni siku moja tu. Sisi tukikosa maji, yanarudi na mengine yote tuliyokosa. Kwa hiyo si ajabu kwamba kitu kidogo kinatuangusha.

Jibu hili lina hatari nyingine pia. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayemwambia mwenzake "hilo ni dogo" mara nyingi si yeye anayelibeba. Baba anayesema foleni ya maji ni jambo dogo, je, ni yeye anayekwenda bombani, au ni mke wake na binti zake? Na aliyeamriwa kunyamaza mbele ya watu hakuacha kukasirika. Amebeba hasira yake kwenda nayo mahali pasipo na watu, yaani nyumbani.

Jibu la pili: "Nimeteseka, nina haki"

Wengine wanajibu kinyume. Wanasema, "Dunia imenidai vya kutosha. Nikitukana mtu bombani, nikimpiga mtoto, nieleweni, nimepita mengi."

Tunamwelewa, ndiyo. Lakini kumwelewa mtu si kumpa ruhusa. Aliye mbele yako kwenye foleni naye amepita mengi. Mtoto aliyemwaga uji hakuchoma nyumba yako. Kama mateso yangekuwa hati ya kutesa wengine, basi sisi sote hapa tungekuwa na hati hiyo, na makazi yetu yasingekalika hata juma moja. Tulikimbia mahali ambapo watu walisema hivyohivyo: tumeonewa, kwa hiyo tuonee. Tusiupande mbegu huo katika udongo huu.

Jibu la tatu: usikasirike kabisa

Kuna jibu la zamani sana linalostahili kusikilizwa. Miaka karibu elfu mbili iliyopita huko Roma aliishi mwalimu wa hekima aitwaye Seneca. Naye aliyajua maisha ya kufukuzwa kwao. Mwaka 41 mfalme Klaudio alimpeleka uhamishoni katika kisiwa cha Corsica, akakaa huko mpaka mwaka 49. Seneca aliandika vitabu vitatu kuhusu hasira. Humo anataja mambo madogo yanayowatoa watu akili: maji ya kunywa yaliyo vuguvugu, kitanda kisichotandikwa vizuri, meza iliyoandaliwa ovyo. Kwake yeye hasira ni wazimu wa muda mfupi, na mwenye busara aing'oe yote. Dawa kubwa anayoitoa ni kuchelewa: usitende lolote mpaka moto umepoa. Dawa hiyo ni nzuri, na babu zetu waliijua waliposema hasira hasara.

Sasa angalieni jambo hili. Vitabu hivyo Seneca aliviandika kwa ajili ya ndugu yake, ambaye baadaye aliitwa Galio. Ndiye Galio yuleyule tunayemsoma katika Matendo ya Mitume sura ya 18, liwali wa Akaya, aliyeketi katika kiti cha hukumu huko Korintho karibu na mwaka 51. Watu walimletea Paulo wakimshitaki. Galio hakupandwa na hasira. Alisema hayo ni maneno ya sheria yao wenyewe, akawafukuza mbele ya kiti chake. Na ule umati, ulipokosa kumpata Paulo na ukafukuzwa na mkubwa, ulifanya nini? Ulimkamata Sosthene, mkuu wa sinagogi, aliyekuwa karibu, ukampiga palepale. Naye Galio hakujali.

Tusome tena polepole, maana makazi yetu yote yamo humo. Hasira ilikuwa na sababu moja, ikamwangukia mtu mwingine. Sosthene hakupigwa kwa sababu ndiye mwenye kosa, alipigwa kwa sababu alikuwa karibu. Na yule ambaye ndugu yake alimwandikia vitabu vitatu vya kutuliza hasira, alikuwa ametulia kweli, lakini utulivu wake haukumsaidia aliyekuwa anapigwa mbele ya macho yake. Kwa hiyo kutokukasirika peke yake si wema. Mtu anaweza kukosa hasira kwa sababu ana subira, na mwingine akakosa hasira kwa sababu tu hajali.

Hasira ina anwani

Basi tuseme lile tunaloliamini. Kuudhika si dhambi, wala si utovu wa shukrani. Mtu anaweza kumshukuru Mungu kwa uhai na papo hapo akachoshwa na moshi wa kuni mbichi. Swali la kujiuliza si kama jambo ni dogo au kubwa. Swali ni hili: hasira hii ni ya nani, na ninampelekea nani? Kila hasira ni kama barua yenye anwani. Uovu mwingi wa nyumbani kwetu ni barua zilizopelekwa nyumba isiyohusika.

Tuchukue bomba la maji, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapogombana. Mradi wa Sphere, ulioanzishwa mwaka 1997 na mashirika ya misaada ili kuweka viwango vya chini vya kuwahudumia watu waliopatwa na maafa, unasema bomba moja lisihudumie watu zaidi ya 250, kwa hesabu ya bomba linalotoa lita 7.5 kwa dakika. Unasema pia kwamba mtu asipange foleni zaidi ya dakika 30.

Sasa tupige hesabu wenyewe. Jerikani ya lita 20, ile ambayo wengi wetu nyumbani tuliiita bidoni, kwa bomba la namna hiyo inajaa kwa dakika 2 na sekunde 40. Katika dakika 30 zinajaa jerikani 11 tu. Ukikuta jerikani 12 mbele yako, umeshapita kiwango, na hakuna aliyekosa lolote. Watu 250 wakichota jerikani moja moja, bomba litafanya kazi zaidi ya masaa 11 bila kupumzika, bila mtu kusalimiana na mwenzake, bila mtoto kuteleza. Na hiyo ni pale maji yanapotoka kwa nguvu yake yote. Pale yanapotoka kama uzi, au bomba linapofunguliwa masaa machache tu, hesabu inakuwa mbaya zaidi.

Tunajifunza nini? Kwamba yule mama aliye mbele yako na jerikani 6 si mchoyo. Ana watu 6 nyumbani, na kila mmoja anahitaji lita zake 20. Atakaa bombani dakika 16, na dakika hizo 16 ndizo zinazokuchoma wewe. Lakini si yeye aliyeweka bomba moja mahali palipohitaji mawili. Ukimtukana, umempiga Sosthene. Barua yako ilikuwa ya kamati ya maji, ya mwenyekiti wa kijiji, ya wale wanaohesabu mabomba. Kwao ipelekeni, na ipelekeni na hesabu: watu wangapi, bomba moja linajaza jerikani kwa dakika ngapi, linafunguliwa masaa mangapi. Kelele husahaulika upesi. Hesabu iliyoandikwa na kutiwa sahihi na watu 40 ni vigumu kuisahau.

Namna nne za kuudhika

Tukitazama vizuri, maudhi yetu ya kila siku ni ya namna nne.

Kwanza, yapo yasiyo na mwenyewe. Mvua imelowesha kuni, mbu wamejaa, mtandao umekatika kwa sababu ya radi. Haya hayana anwani, na dawa yake ni kuyataja kwa sauti, kucheka ikiwezekana, na kuyaacha. Mume akimwambia mke, "Leo hizi kuni zimenishinda," amekwisha kuzuia ugomvi ambao ungeanza baada ya nusu saa kwa jina lingine.

Pili, yapo ambayo mwenyewe yuko karibu na ana masikio. Kuku, redio, maji machafu yanayomwagwa njiani. Haya tuyapeleke kwa mwenyewe, siku ileile, kwa kipimo chake. Tukisema kipimo chake tunamaanisha kwamba kuku ni kuku. Usimwendee jirani ukaanza na kabila lake, na nchi aliyotoka, na mambo ya mwaka juzi. Hapa tunaishi Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine, pamoja na wenyeji Waganda waliotupokea, na wote wana kumbukumbu ndefu. Ugomvi wa kuku ukiitwa kwa jina la kabila hautakuwa tena wa kuku, wala hautaisha siku hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa huzibwa kwa udongo kidogo, hauzibwi kwa kubomoa nyumba.

Tatu, yapo ambayo mwenyewe yuko mbali au yuko juu. Mgao uliopunguzwa, foleni ya ofisi, karatasi isiyojibiwa. Haya ndiyo magumu, kwa sababu mara nyingi tunapeleka barua na hakuna anayejibu. Na kijana anayekaa mezani na orodha mbele yake mara nyingi hakuipanga orodha hiyo. Naye ni wa karibu tu, kama Sosthene.

Nne, yapo maudhi ambayo si maudhi. Ni huzuni iliyovaa nguo ndogo. Mama analia kwa sababu sufuria imetoboka, na majirani wanashangaa, sufuria tu! Hawajui kwamba ndiyo iliyobaki katika vyombo alivyopewa na mama yake. Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, familia nyingi zilizokuwa zimekwisha kupimwa na kuhojiwa, nyingine zikiwa na tarehe ya ndege, ziliambiwa safari imesimama. Mtu aliyengoja ndege miaka 10 hawezi kugombana na ndege. Anagombana na jirani kuhusu kuku. Kwa hiyo ukimwona mwenzako anakasirika kupita kiasi cha jambo, usikimbilie kumwambia "hilo ni dogo." Muulize kwa upole, "Ndugu yangu, ni nini hasa?" Na wewe mwenyewe ukijiona hivyo, jiulize swali hilohilo.

Watu walialia mlangoni, Musa alipeleka

Labda utasema, "Lakini Waisraeli walinung'unika jangwani wakaadhibiwa." Ni kweli. Katika kitabu cha Hesabu sura ya 11 walichoka na mana, wakakumbuka samaki, matango, matikiti na vitunguu vya Misri. Ni watu wa safarini kama sisi, na nani kati yetu hajawahi kuota samaki wa ziwa la kwao? Mara nyingi sura hii hutumika kutunyamazisha.

Lakini isomeni mpaka mwisho. Katika sura hiyohiyo Musa naye analalamika, tena kwa maneno makali kuliko ya watu wote. Anasema mzigo huu ni mzito, hawezi kuwabeba watu hawa peke yake, afadhali afe. Je, aliadhibiwa? Hapana. Alipewa wazee 70 wa kubeba mzigo pamoja naye. Watu walilia kila mmoja mlangoni pa hema yake, wakaipamba Misri na kusahau kwamba huko walikuwa watumwa. Musa alipeleka lalamiko lake kwa yule linayemhusu, akataja mzigo kwa jina lake na uzito wake. Lile lililia likazunguka kambini, na hili likafika likapata jibu.

Tena jibu lenyewe litufundishe. Mzigo haukuondolewa, watu walikuwa walewale na jangwa lilelile. Uligawanywa. Kwa yale maudhi ya namna ya tatu, ambayo wenye kujibu hawajibu, hili ndilo tunaloweza kufanyiana: zamu za bombani ili mama mmoja asisimame kila siku, mtu mmoja kwenda ofisini kwa niaba ya watano, jirani kushika mtoto wa mwenye homa. Hatusemi kwamba hilo linatosha au kwamba wakubwa waachwe wapumzike. Kugawana mzigo ni kwa ajili ya sisi kufika jioni na nguvu za kudai tena kesho, na kufika nyumbani bila kumtafuta wa kumlipiza.

Mlangoni

Kwa hiyo tunashauri desturi moja ndogo, isiyohitaji pesa wala ruhusa. Kabla ya kuingia nyumbani jioni, tua jerikani yako nje. Simama kidogo. Jiulize: leo nimekasirishwa na nini? Mwenye jambo hilo ni nani? Je, yumo ndani ya nyumba hii? Kama hayumo, asiwepo ndani atakayelipa deni lake. Kama yumo, sema naye kwa kipimo cha jambo lenyewe.

Watoto wetu wengi wamezaliwa hapa. Hawajui sauti ya vita tuliyoikimbia. Ingekuwa vibaya waijue kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba zetu, kwa sababu ya uji uliomwagika.

Mungu awabariki na kuzilinda nyumba zenu.

*Maswali ya kuzungumza katika vikundi vya nyumbani:*

1. Juma hili uliudhiwa na nini, na ni nani aliyelipa kwa ajili yake?

2. Ni maudhi gani katika kijiji chetu ambayo tunayapeleka kwa jirani, na kumbe ni ya kamati au ya ofisi? Tunaweza kuyaandika kwa hesabu na kuyapeleka kwa pamoja?

3. Nani kati yetu anabeba mzigo peke yake hivi sasa, na tunaweza kumgawanyia vipi?